Gari kuukuu likizima njiani, usikimbilie kabureta

Wadau, wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu walionunua magari ya zamani, na wote watatu walikuwa wameshaifungua kabureta. Siwacheki. Na mimi nilianzia hapohapo.

Langu ni Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, nililolinunua kwa mzee mmoja upande wa Sikonge. Asubuhi aliliwasha mbele yangu, likaitika mara moja. Nikalipa, nikashika barabara ya kurudi Tabora. Baada ya kama nusu saa likaanza kumisi, likakohoa, likazima katikati ya miombo. Nikakaa kivulini, nikala mihogo niliyofungiwa na mke wa yule mzee, nikajaribu tena: likawaka kama halijawahi kuugua. Ikawa hivyo mara tatu, mjini nimeingia saa mbili usiku. Fundi wa kwanza akasema kabureta, wa pili akasema pampu. Nikanunua vyote, likazima vilevile. Kumbe ni kondensa, kidude chenye ukubwa wa ncha ya kidole, kimeshikwa na skrubu moja ndani ya distributa, chombo kinachogawa moto kwenye plagi. Kikipata moto kinakufa, kikipoa kinafufuka.

Kwa hiyo gari la namna hii lipime likiwa gonjwa. Ukilivuta hadi gereji limeshapona, na fundi atabahatisha kwa pesa yako.

Kwanza, kabla ya safari. Angalia oili, maji, vichwa vya betri, na waya wa athi unaoshuka kwenye chesisi. Usugue hadi chuma king'ae. Fungua na chujio la hewa. Haya ya zamani yana bakuli la oili chini yake, na kwa vumbi letu la Septemba utakuta tope zito kama uji wa mtama. Mwaga, osha, weka oili mpya hadi kwenye alama.

Pili, moto wa plagi. Hapa usiwe na haraka. Gari likizima tu, kabla halijapoa, chomoa waya wa katikati kwenye kifuniko cha distributa. Ushike kwa plaizi yenye mpira, ncha yake iwe kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Mwenzako apige stata. Cheche ikiwa ya buluu na inalia "ta! ta!", moto upo. Ikiwa ya njano na inasinzia, au haipo kabisa, achana na habari za petroli.

Fungua kifuniko cha distributa, tazama platini, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ndani yake. Kama upande mmoja umeota kilima na wa pili umechimbika shimo, mshuku kondensa. Badilisha vyote viwili pamoja. Kisha zungusha injini hadi kisigino cha platini kikae juu kabisa ya pembe ya kamu, ule mhimili wa katikati unaozisukuma, upime nafasi kati yao kwa fila, kile kibamba chembamba cha kupimia: milimita 0.35 hadi 0.40. Kukadiria kwa jicho nimekuona sana hapa mjini, na ndiyo maana magari mengi yanakunywa petroli bure.

Ukirudisha waya za plagi, mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2, distributa ikizunguka kinyume cha saa, na silinda namba moja ni ile ya mbele karibu na rejeta. Chomoa waya mmoja mmoja. Mimi nilichomoa zote kwa mkupuo, nikapoteza mchana mzima.

Tatu, petroli. Kama moto ni mzuri, fungua kifuniko cha tanki. Likivuta pumzi "fyuuu", tundu la kupitishia hewa limeziba na pampu inashindana na tanki. Halafu tazama kikombe cha kioo kwenye pampu: maji hukaa chini kama shanga, kutu huonekana kama unga wa matofali. Pampu ya asili ina kiwiko cha kupampu kwa mkono, kwa hiyo huhitaji stata kujua kama inasukuma.

Kabureta ndiyo ya mwisho. Na ukigusa kitu, gusa kimoja, washa, sikiliza, ndipo uende kingine.

MASWALI

Kutoka Urambo: Mkuu, langu halizimi, ila linatoa moshi mweusi na sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka. Kabureta ni Zenith.

Petroli inazidi. Anza na waya wa choki, huenda haurudi hadi mwisho. Baada ya hapo fungua kifuniko cha juu cha hiyo Zenith. Kwa miaka mingi ya kukazwa, uso wake hupinda. Laza msasa laini juu ya kioo cha dirisha, sugua uso huo taratibu hadi uguse kote, kisha weka gasketi mpya. Usikaze kwa hasira, kukaza kwa hasira ndiko kulikoupinda.

Kutoka Nzega: Shikamoo fundi. Ni kweli petroli ya siku hizi inaua vali za magari haya?

Marahaba. Yalitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo imeondoka kwetu tangu 2006, na risasi ilikuwa inakinga viti vya vali, pale vali zinapokaa zikifunga. Usinunue dawa za chupa kabla ya kupima. Rekebisha tapeti, yaani nafasi kati ya vali na mkono unaoisukuma, iwe milimita 0.25, tembea mwezi, pima tena. Nafasi ikiwa imepungua, na ukirekebisha inapungua tena, kiti kinazama. Siku ya kufungua silinda hedi weka viti vigumu. Isipobadilika, endesha.

Kutoka Ujiji, Kigoma: Nimenunua lililokaa miaka chini ya mwembe. Betri mpya ninayo. Niwashe?

Usiwashe, kaka. Mwaga petroli yote ya zamani. Ikinuka kama rangi ya mlango, hata kabureta uisafishe. Tazama panya hawajala waya. Toa plagi zote nne, dondoshea oili kijiko kimoja kila tundu, acha ilale. Kesho yake zungusha injini kwa hendeli ya mbele, plagi zikiwa bado nje. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili, subiri tena.

Ujiji tena: Na hendeli nishikeje? Naambiwa huvunja mikono.

Huvunja kweli, plagi zikisharudi. Kidole gumba kiweke upande mmoja na vidole vingine, usikumbatie chuma. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikirusha nyuma, mkono utachomoka wenyewe.