Mzee wa ghorofani: namna ya kumwezesha kupanda na kushuka ngazi za nyumba za Mji Mkongwe

Nafanya tiba ya viungo majumbani, na wazee wengi ninaowahudumia wanaishi ghorofa ya kwanza au ya pili katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja. Ngazi za nyumba hizi wenyeji mnazijua: nyembamba, zimesimama wima, zina kiza hata mchana, na vidato vyake vya mbao vimelika katikati. Mzee akijikwaa mara moja, watoto hukaa kikao wakaamua asishuke tena. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini mimi uamuzi huo naupinga. Misuli isiyotumika hunyauka haraka uzeeni, na mzee aliyekatazwa ngazi baada ya muda huanza kushindwa hata kuinuka kitandani au chooni. Juu ya hayo anakosa baraza, msikiti na hitima za jirani.

Kabla hamjamfungia juu, fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Pima miguu

Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani. Mzee akae katikati ya kiti, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa tena mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Wewe simama karibu, uhesabu. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 anatarajiwa kufikisha angalau mara 10, na mwanamume wa umri huo mara 12. Kwa miaka 80 hadi 84, mwanamke mara 9, mwanamume mara 10. Akipungukiwa, au akishindwa kusimama bila kujisukuma kwa mikono, yumo katika hatari ya kuanguka na Hatua ya 4 ni yake hasa.

Hatua ya 2: Pima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama

Watu hupima presha mzee akiwa amekaa tu, basi. Mlaze dakika 5, pima. Msimamishe, pima tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, damu inachelewa kufika kichwani anaposimama. Huyo ndiye anayeona kizunguzungu akitoka kitandani na kukiendea kidato cha juu moja kwa moja. Usimwachishe vidonge kwa uamuzi wako. Andika namba hizo, umpelekee daktari pamoja na dawa zote anazotumia, zikiwemo za usingizi na za kuongeza mkojo. Wakati huo huo mzoeze akiamka akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo juu na chini kwa dakika moja au mbili, ndipo asimame.

Macho nayo yakaguliwe. Mtoto wa jicho anatibika. Na kama miwani yake ina sehemu ya kusomea chini na ya kuonea mbali juu, ajue kwamba akiinamisha macho kutazama kidato anatazama kupitia sehemu ya kusomea, na kidato humpotea. Bora awe na miwani ya kutembelea peke yake.

Hatua ya 3: Tengeneza ngazi

Hapa ndipo pesa ziende kwanza, kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Anza na kishikio. Kamba iliyoning'inizwa kutoka darini haitoshi, kwa sababu inayumba wakati ule ule mzee anapoyumba. Weka upau wa mbao ngumu, wa mviringo, wenye unene wa sentimita 4 hivi ili kiganja kiuzunguke, kwenye kimo cha sentimita 90 kutoka ukingo wa kidato. Uache nafasi ya sentimita 5 na ukuta ili vidole vipite. Ukiweza, weka pande zote mbili, maana aliyepooza mkono wa kulia anahitaji wa kushoto wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Na upau usikomee kwenye kidato cha mwisho: upite mbele kwa sentimita 30, mzee awe bado ameshika anapokanyaga sakafu.

Tatizo ni ukuta wenyewe. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na skrubu fupi yenye plagi ya plastiki hutoka na kipande cha plasta siku mzee atakapoivuta kweli. Mwambie fundi afunge kwanza ubao mrefu ukutani, sehemu nyingi, kwa bolti ndefu zilizoingia ndani ya jiwe, halafu vishikizi vya upau avipigilie kwenye huo ubao. Kwa njia hii uzito unagawanyika. Matundu yazibwe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani na baada ya muda plasta hubanduka. Kama kazi itagusa muundo wa nyumba, kwa mfano kubadilisha ngazi nzima, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe lazima itoe kibali kwanza. Fundi akimaliza, mtu mzito kuliko wote nyumbani auninginie huo upau. Ukicheza, kazi irudiwe.

Kisha kagua kidato kimoja kimoja. Mguu hukariri kimo cha vidato viwili vitatu vya mwanzo, ukatarajia vinavyofuata viwe sawa, kwa hiyo kidato kimoja kilichozidi au kulegea ndicho kinachoangusha. Kirekebishwe. Piga mstari wa rangi nyeupe au njano, upana wa sentimita 3 hadi 5, kwenye ukingo wa kila kidato. Weka swichi chini na juu, na balbu za kuchaji zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika, kwa kuwa anayekwenda kusali Alfajiri hushuka gizani. Ndoo, viatu na mifuko ya mchele isikae ngazini hata kwa dakika moja.

Champali zisizoshika kisigino zibaki mlangoni. Buibui na kanzu zifupishwe zisiguse sakafu.

Hatua ya 4: Fundisha miguu

Siku tatu kwa wiki, akipumzika siku moja katikati: kusimama na kukaa kitini mara 8 hadi 10, apumzike, arudie, mizunguko mitatu. Mwendo wa kukaa uwe wa polepole sana, kwani ndio unaojenga nguvu ya kushukia. Halafu ashike meza nzito, anyanyuke kwa ncha za vidole na kushuka, mara 10. Akizoea, aende kwenye kidato cha chini kabisa, ashike upau, apande na kushuka hicho hicho kimoja.

Chakula kiende pamoja na mazoezi. Chai na boflo asubuhi, chai na boflo usiku, havijengi paja. Apate yai, samaki, dagaa, kunde au choroko katika kila mlo. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kiasi chake.

Hatua ya 5: Kupanda na kushuka

Kupanda, mguu wenye nguvu hutangulia. Mbovu na bakora hufuata. Kushuka, bakora na mguu mbovu hutangulia. Miguu yote ikutane kwenye kidato kimoja kabla ya kwenda kingine, na mkono mmoja usiache upau.

Msaidizi husimama kidato kimoja chini yake, wakati wa kupanda na wa kushuka pia. Usimvute mkono, utamtegua bega. Mfunge kikoi kilichokunjwa kiunoni, ushike hapo.

Hatua ya 6: Lini ahamie chini

Akipoteza fahamu, akisahau yuko wapi, akikosa pumzi kwa vidato vichache, au akianguka tena baada ya yote haya, mtengenezee chumba cha chini chenye choo karibu. Mshirikisheni tangu mwanzo. Kitanda ni chake. Mazoezi ya kiti yaendelee huko huko. Na udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, au maumivu ya kifua, ni hospitali papo hapo.

Hatua ya 7: Akianguka

Msimkimbilie kumnyanyua. Muulize panapouma. Kama hana maumivu makali, ageuke ubavu, apige magoti, atambae hadi kwenye kiti kizito, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume akae. Ila akilalamika nyonga, na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, asisimamishwe kabisa. Mfunikeni, mumbebe kwa ubao bapa. Gari haliingii katika vichochoro vyetu, kwa hiyo kubalianeni leo ni vijana gani wanne watakaombeba, ubao umewekwa wapi, na gari litasubiri barabara ipi.