Namna ya Kusoma Somo la Dini na Mitazamo Isiyo ya Kidini katika Sekondari ya Juu

Mwanafunzi anayechagua somo la dini na mitazamo ya ulimwengu katika sekondari ya juu mara nyingi huingia darasani na mojawapo ya dhana mbili. Ama anadhani litakuwa jepesi, kwa sababu amelelewa katika dini na anayajua maandiko yake, ama anahofu kwamba litamtikisa imani. Zote mbili humpotosha. Somo hili halimtaki mtu aamini wala aache kuamini. Linamtaka aweze kueleza maisha na fikra za watu wengine kwa usahihi kiasi kwamba mwenyewe akiyasoma maelezo hayo aseme, "Naam, ndivyo tulivyo," hata kama baadaye hatakubaliana na hukumu ya mwandishi. Nimesahihisha insha nyingi za somo hili, na ninaweza kusema kwamba alama hupotea zaidi kwa kukosa kipimo hicho kuliko kwa kukosa habari.

Anza na sentensi

Kazi ya kwanza ni kutofautisha aina za sentensi unazoandika. "Malaika Jibrili alimletea Muhammad wahyi" ni kauli ya imani. "Waislamu wanaamini kwamba Malaika Jibrili alimletea Muhammad wahyi" ni maelezo kuhusu imani, na hata asiye Mwislamu anaweza kuyaandika bila kusema uongo. "Mwaka 622 Muhammad alihama kutoka Makka kwenda Madina" ni kauli ya historia, ambayo hupimwa kwa ushahidi wa kihistoria. "Kuhama huko kulibadilisha imani ikawa pia jamii yenye utawala wake" ni tafsiri ya mwandishi, na inahitaji kutetewa. Chukua insha yako ya mwisho, uweke pembeni mwa kila sentensi herufi moja inayoonyesha aina yake. Sentensi usiyoweza kuipa herufi ndiyo yenye kasoro, na hiyo uiandike upya.

Tazama sentensi hii, ambayo hukutana nayo kila mwaka kwa sura mbalimbali: "Wabudha huabudu sanamu ya Buddha ili awape baraka." Inaonekana kuwa ni maelezo tu, lakini ina hukumu tatu ndani yake: kwamba tendo hilo ni kuabudu, kwamba kinachoabudiwa ni sanamu, na kwamba shabaha ni kupewa kitu. Iandike hivi: "Mbele ya sanamu ya Buddha, Wabudha wengi huinama, huweka maua na kuwasha ubani, katika mapokeo ya Theravada, mojawapo ya matawi makuu ya Ubudha, tendo hilo hufafanuliwa zaidi kuwa ni kumheshimu mwalimu na kuyakumbuka mafundisho yake kuliko kumwomba mungu, ingawa wapo waumini wanaotarajia pia kinga au baraka." Sentensi imerefuka, ni kweli, lakini sasa inaeleza kile macho yanachokiona, kile wenyewe wanachokisema kukihusu, na tofauti iliyopo kati ya mafundisho na mazoea ya watu.

Mzigo ulio ndani ya maneno

Anayesoma somo hili kwa Kiswahili ana tahadhari ya ziada ya kuchukua, kwa kuwa msamiati wetu wa dini umelelewa na Uislamu na Ukristo. Maneno kama dhambi, mtume, wokovu, ibada na peponi yana nyumba zake, na ukiyahamisha kwenda kueleza dini nyingine yatakwenda na samani zake zote. Karma, yaani athari za matendo zinazomfuata mtendaji, si dhambi na thawabu, na nirvana, yaani kuzimika kwa tamaa na mateso, si pepo. Ni afadhali uliache neno la wenyewe lilivyo, ulieleze mara ya kwanza kwa sentensi kamili, kisha uendelee kulitumia. Maneno kama kafiri, mpagani na mshirikina yabaki ndani ya nukuu tu, pale unapoeleza namna kundi moja linavyolitazama jingine, kwa sababu ni wachache mno wanaojitambulisha kwayo. Hata jina la watu liangaliwe: neno kalasinga tumelizoea, lakini wenyewe hujiita Sikh, maana yake mwanafunzi.

Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda, anasimulia kisa ambacho kila mwanafunzi wa somo hili angepaswa kukijua. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi, watu wa kaskazini mwa Uganda, ni nani aliyewaumba. Lugha ya wazee hao haikuwa na dhana ya kuumba kama mapadri walivyoielewa, kwa hiyo swali likawafikia kama "Nani aliyewafinyanga?" Wazee walijibu kwamba hawajui, kwani binadamu huzaliwa na mama yake. Waliposhikiliwa wajibu, mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyepatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo hupinda akawa na kibiongo, na kwamba husemwa amefinyangwa na Rubanga, pepo mbaya aletaye ugonjwa huo. Basi akajibu kuwa anayefinyanga watu ni Rubanga, na jina hilo likachukuliwa kuwa jina la Mungu Muumba. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Swali lilikuwa limekwisha kubeba jibu lake, na ndivyo inavyokuwa kwa mwanafunzi anayeuliza "mungu wao ni nani?" kabla hajauliza kama watu hao wana wazo hilo.

Itazame ibada moja hadi mwisho

Ninian Smart, aliyeanzisha idara ya masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster mwaka 1967, alipendekeza dini itazamwe kwa pande saba: matendo ya ibada, masimulizi, hisia na uzoefu wa ndani, jamii na mamlaka zake, maadili, mafundisho, na vitu vinavyoonekana kama majengo na vyombo. Wengi huikariri orodha hiyo kisha wakaijaza kama fomu, kitu ambacho hakina faida kubwa. Ninashauri uchague tendo moja, uanze na mikono na vinywa vya watu, ndipo mafundisho yafuate. Aliyekulia katika dini ya kitabu ana mazoea ya kuanzia kwenye mafundisho, na hivyo hukosa kuona kwamba kwa watu wengi dini ni jambo linalotendwa kabla ya kuwa jambo linaloaminiwa.

Chukua Seder, karamu ya Kiyahudi ya usiku wa Pasaka. Haifanyiki mbele ya madhabahu bali mezani, nyumbani, na kwa kawaida mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeifungua hoja kwa kuuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wowote. Mezani kuna mkate usiotiwa chachu, kwa kumbukumbu ya haraka ya kutoka Misri. Kuna majani machungu ya kukumbuka uchungu wa utumwa. Kuna maji ya chumvi yanayofananishwa na machozi. Yanapotajwa mapigo kumi yaliyowapata Wamisri, kila mtu hudondosha tone la divai kutoka kikombeni mwake kwa kila pigo, na wengi hulieleza tendo hilo kuwa ni kupunguza furaha kwa sababu adui naye aliumia. Katika dakika hizo chache umekwisha kuona vitu, masimulizi, maadili, na mamlaka ya familia, na mafundisho juu ya Mungu anayekomboa yamepita bila mtu kusoma katekisimu. Kisha ongeza jambo moja ambalo litakusaidia baadaye: wapo Wayahudi wasioamini kuwapo kwa Mungu ambao nao hukaa kwenye meza hiyo kila mwaka.

Tahadhari na neno "wote"

Sentensi zinazoanza na "Wakristo wanaamini" au "Wahindu husema" ziandikwe kwa mkono mzito. Idadi tu ya vitabu vya Biblia hutofautiana: Waprotestanti wana 66, Wakatoliki 73, na Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huhesabu 81. Waislamu wana Kurani moja yenye sura 114, lakini Sunni, Shia na Ibadhi hawakubaliani juu ya nani alistahili kuiongoza jamii baada ya Mtume. "Wengi wa", "katika mapokeo ya" na "tangu karne ya" ni vifungu vidogo vinavyookoa alama. Visitumike hata hivyo kama kichaka cha kujifichia. Mwanafunzi anayeandika "baadhi huamini na baadhi hawaamini" bila kuwataja hajasema neno.

Mitazamo isiyo ya kidini

Hapa ndipo insha nyingi hudhoofika. Mwandishi aliyeeleza dini tano kwa heshima hufika kwa wasio na dini akawaeleza kwa wanachokosa: hawana Mungu, hawana ibada, hawana msingi wa maadili. Lugha yenyewe humsukuma huko. Neno ukanamungu limejengwa juu ya kitenzi kukana, ambacho kwa kawaida husemwa juu ya mtu anayekataa jambo analolijua, kama mdaiwa anayekana deni. Asiyeamini hasemi kwamba anamjua Mungu na kumkataa. Anasema haoni sababu ya kuamini kwamba yupo. Litumie neno hilo ikiwa mtaala unalitumia, lakini ulieleze.

Tenganisha pia mambo ambayo huchanganywa. Kutoamini kuwapo kwa Mungu ni jibu la swali moja tu, na peke yake hakumwambii mtu aishi vipi. Uagnostiki, neno lililobuniwa na mwanabiolojia Mwingereza T. H. Huxley mwaka 1869, linahusu mipaka ya ujuzi: kwamba mtu asidai kujua jambo asilo na ushahidi nalo. Usekula, neno la George Holyoake la mwaka 1851, leo hutumika zaidi kueleza mpango wa dola kutofungamana na dini, na muumini mcha Mungu anaweza kuutetea kwa nguvu zake zote. Uhumanisti, yaani kujenga maisha na maadili juu ya akili na utu wa binadamu bila kumtegemea mungu, ndio mtazamo kamili miongoni mwa hayo, kwa maana una mafundisho juu ya ujuzi, maadili na thamani ya maisha. Azimio la Amsterdam la mwaka 1952, lililoandikwa upya mwaka 2002 na tena mwaka 2022, ndiyo hati nzuri ya kuanzia, na wahumanisti wana hata sherehe zao za ndoa, za kuwapa watoto majina na za mazishi. Zipeleke kwenye pande saba za Smart uone zinaingia wapi na wapi zinagoma.

Wala mitazamo hii haikuzaliwa jana. Epikuro, mwanafalsafa Mgiriki aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba miungu ipo lakini haijishughulishi na mambo ya binadamu, na kwamba kifo si kitu cha kuogopwa. Katika India ya kale wafuasi wa Charvaka, mkondo wa falsafa, walikataa maisha baada ya kifo na mamlaka ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya huko. Kuhusu hao kuna fundisho la ushahidi: maandishi yao wenyewe karibu yote yamepotea, na tunawajua hasa kupitia wapinzani wao. Ukiwataja, taja na hilo.

Insha ya mtihani

Kitenzi cha swali ndicho kinachoamuru. "Eleza" hakitaki maoni yako. "Jadili" na "tathmini" vinayataka, lakini baada ya kuzipa hoja za upande usioupenda nguvu zake halisi. "Linganisha" ndicho kinachowaangusha wengi, kwa kuwa huandika kurasa mbili za dini moja, kurasa mbili za nyingine, kisha mstari mmoja wa kusema zinafanana. Chagua mhimili mmoja ushuke nao. Kwa mfano, kufunga: Ramadhani ni mwezi mzima, alfajiri hadi machweo, Yom Kippur, siku ya toba ya Wayahudi, ni takriban saa 25 mfululizo, Kwaresima ya Waorthodoksi ni majuma ya kujinyima nyama, maziwa na mayai. Tendo linafanana, ila muda, kinachoachwa na sababu hutofautiana, na hapo ndipo ulinganisho unapoanza. Epuka hitimisho la kwamba dini zote ni njia za mlima mmoja. Hiyo nayo ni itikadi, na waumini wengi wa dini hizohizo huikataa.

Ziara na mahojiano

Ukipata nafasi ya kutembelea mahali pa ibada au kukutana na kikundi cha wahumanisti, omba ruhusa mapema, uliza kuhusu mavazi na viatu, na uulize kama kuandika au kupiga picha kunaruhusiwa. Maswali ya "kwa nini mnaamini" huwafanya watu wajitetee. "Mnafanyaje" na "ilikuwaje mara ya kwanza" huwafanya wasimulie. Sio lazima ushiriki tendo linalopingana na dhamiri yako, na wenyeji kwa kawaida huelewa ukisema mapema.

Kisha rudisha maelezo yako kwa mwenyeji ayasome. Kama umeandika kwamba katika gurdwara, nyumba ya ibada ya Wasikh, Guru Granth Sahib ni kitabu kitakatifu cha kurasa 1430 kinachofungwa usiku na kuwekwa chumbani, huenda akatabasamu na kukurekebisha: kwao huyo ni Guru, yaani mwalimu, usiku hupelekwa kupumzika, asubuhi huletwa tena ukumbini, na kila ukurasa huitwa ang, yaani kiungo cha mwili. Sahihisho hilo liandike pembeni kwa wino mwingine, na sentensi ya kwanza uiache ilivyo, kwa sababu umbali uliopo kati ya hizo mbili utauhitaji siku swali litakapokutaka ueleze tofauti kati ya mtazamo wa aliye ndani na wa aliye nje.