Kabla hujamchoma mtu kidole kumpima sukari, angalia haya

Kama una mgonjwa wa sukari nyumbani na mnapima wenyewe, haya yaangalie kwanza.

Tarehe kwenye kichupa cha stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, isiwe imepita. Sindano mpya kila mara, hakuna kuchangia. Kifuniko kifunge palepale ukishatoa stripu moja, maana pale kwenye ncha yake kumekaushiwa kimeng'enya, kitu kinachoichokonoa sukari ili ipimike (kwenye baadhi ya stripu kinaitwa glukosi oksidesi), ukikiachia unyevu wa Dar au ukiweka kichupa dirishani jua linapiga kinaharibika na mashine inakupa namba za uongo. Stripu nyingi hazitaki zaidi ya nyuzi 30, na friji pia hapana.

Sasa mikono, hapa naomba tusikilizane. Ilikuwa Desemba, mama kakaa barazani anatumenyea maembe, yeye hajaonja hata kipande. Muda wa kupima ukafika nikampangusa kidole na pamba ya spiriti, nikachoma, mashine ikaandika 19.4 (namba zangu zote hapa ni za mmol/L). Nikashtuka, nikampa insulini, dawa ya kushusha sukari, ya namba hiyo. Haikupita muda jasho likaanza kumtoka mpaka kanga ikalowa, anatetemeka, ananiita jina la dada yake marehemu. Nikamnawisha haraka nikapima tena, 2.9! Jirani akakoroga maji ya sukari, mama akanywa huku nimemshikilia kikombe, meno yanagonga ukingoni.

Ile 19.4 ilikuwa ya embe. Kimeng'enya kinanyang'anya glukosi, yaani sukari, elektroni zake, mashine inasoma umeme unaotokea, basi, hakijui glukosi imetoka kwenye damu au kwenye ngozi, na tone lenyewe dogo hivyo utomvu kidogo tu unatosha. Spiriti haitoi sukari ya tunda vizuri. Nawisha kwa maji na sabuni, kausha kabisa, maji yakibaki yanazimua damu. Kama maji hakuna, futa tone la kwanza pima la pili. Na namba ikikushangaza, nawisha urudie KABLA hujagusa insulini.

Ikiwa chini ya 4 na anameza vizuri, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, rudia kupima baada ya dakika 15. Hajitambui usimtie kitu mdomoni, kimbiza hospitali.

Mwenye damu pungufu mwambie daktari, namba zake zinaweza kupanda kwa uongo. Betri ya akiba iwepo, daftari la namba liwepo, sukari iwe karibu na kitanda usiku, na watoto wasichezee hicho kichupa.