Dar mpaka Mbeya kwa siku moja na washkaji: mambo ya kuzingatia kabla hamjawasha gari

Dar mpaka Mbeya ni kama kilometa 830, na kwa gari dogo ukiheshimu vibao vya 50 vijijini, na ni vingi kweli, hesabu masaa 14 au 15 pamoja na kusimama kula na kuchimba dawa. Kuna watu wanapanga kuingia Mbeya saa kumi jioni, mi nawaambia hapana, ukishajiwekea saa kumi basi dereva atakimbia tu hata kama mlikubaliana asikimbie. Pangeni saa moja usiku, mkiwahi mshukuru Mungu.

Nianze na dereva kwa sababu hapo ndo nilipoona kifo. Mwaka juzi tulikuwa wanne, dereva mmoja tu, mshkaji wetu alitoka kazini saa nne usiku akalala masaa matano hivi yaliyokatika katika, saa kumi alfajiri tukaondoka. Mpaka Iringa stori tupu, tukapiga wali nyama wa nguvu pale Ipogolo, tulivyoondoka waliokaa nyuma wakalala na mi niliyekaa mbele nikalala pia. Tumeshaipita Makambako nikashtuliwa na changarawe zinalia chini ya tairi la kushoto, nafumbua macho nusu ya gari iko nje ya lami, mikono yake iko kwenye usukani na kidevu kimegusa kifua. Nikamshika bega nikamwita, akaamka akarudisha gari taratibu, namshukuru Mungu mpaka leo kwamba hakukata usukani kwa nguvu maana lori lilikuwa linakuja upande wa pili. Tukasimama pembeni, hakuna aliyeongea kwa muda, halafu yeye akasema, "Usingizi ulinianza tangu Mafinga, ila niliwaona mmelala nikaona aibu kuwaamsha."

Hiyo aibu ndo ya kuiondoa kabla ya safari, na inaondolewa kwa kukubaliana mkiwa bado Dar. Sisi sasa hivi tunakubaliana hivi: madereva wawili wenye leseni hai, wanapokezana kila masaa mawili hata kama anayeendesha anasema bado yuko freshi, anayekaa siti ya mbele haruhusiwi kulala kabisa, akisikia usingizi anahamia nyuma mwingine anakuja mbele, na yeyote ndani ya gari akisema simama, gari inasimama bila mjadala. Kahawa na vile vinywaji vya kopo vinakusogeza kidogo tu, usingizi dawa yake ni kulala, hata dakika 20, ila mlale sheli penye watu na siyo pembeni ya barabara. Na mchana kuleni kidogo. Ule ugali mkubwa mtaula Mbeya.

Gari lipelekwe sevisi wiki moja kabla, siyo jana yake. Fundi akishafungua kitu unatakiwa ulitembelee mjini siku kadhaa uone kama kuna panapovuja au nati haijakazwa vizuri. Tairi usiangalie kashata, yaani yale meno yake, peke yake, soma zile namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni, ikiwa 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2016, na tairi la miaka hiyo likikaa juani masaa kumi kwenye lami ya moto mi silipandi hata kama linang'aa. Spea nayo ipimwe upepo, halafu mfungue nati moja ya gurudumu hapo hapo nyumbani kwa spana mliyonayo, kuna watu wamegundua Ruaha Mbuyuni huko njiani kwamba spana haiingii. Jeki, triangle mbili, mtungi wa kuzimia moto, maji ya rejeta lita tano, tochi. Na rejeta ikichemsha msifungue mfuniko, zimeni gari msubiri lipoe.

Mafuta pigeni hesabu mapema ili msikwazane njiani. Gari linalokwenda kilometa 11 kwa lita linataka kama lita 76, wekeni 85 kwa sababu ya milima na foleni, gawanyeni kwa vichwa, mmoja awe mweka hazina na kila mtu atume pesa kabla ya siku ya safari. Muwe na keshi ya chenji pia.

Sasa njia yenyewe. Mkitoka saa kumi alfajiri mnaipita Kibaha kabla ya foleni na Morogoro mnakuwa kwenye saa moja. Hifadhi ya Mikumi barabara inakatisha katikati kama kilometa 50, fuateni vibao vya mwendo maana kumgonga mnyama kuna faini, na mimi nimeona swala anaruka kutoka kwenye majani bila dalili yoyote. Msishuke kupiga picha na msiwarushie nyani ndizi.

Baada ya Ruaha Mbuyuni mnaanza kupanda mlima Kitonga, na huko ni subira tu. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kona haionyeshi kinachokuja, na lori likiharibika hapo mnaweza kukaa masaa, ndo maana nasema maji ya kunywa na kitu cha kutafuna viwe ndani ya gari, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi. Lori la mbele likikuwashia indiketa usilichukulie kama ruhusa, mpaka uone mwenyewe kwa macho yako. Mkiona matawi mabichi yametupwa barabarani punguzeni mwendo hapo hapo, kuna gari imekufa mbele. Siku ya kurudi mnaishuka, basi mshuke na gia namba mbili, gari la otomatiki weka L au 2, usikanyage breki mlima mzima, ukisikia harufu ya kitu kinaungua tafuta sehemu salama usimame zipoe.

Kuanzia Iringa kwenda juu ni baridi, Juni na Julai Mafinga na Makambako panauma kweli, kwa hiyo sweta zisiwe chini ya mabegi kwenye buti. Kipande cha Igawa mpaka Uyole mtakikuta jua linazama na malori ni mengi, hapo akae dereva aliyepumzika zaidi, panga zamu zenu kuanzia mwisho kurudi nyuma.

Na usiku wa kuamkia safari, dereva wa kwanza aachwe alale kuanzia saa mbili. Kupakia mabegi, kujaza mafuta, kuchemsha mayai, kusubiri yule rafiki anayechelewa kila siku, hizo zote ni kazi za wengine, na simu yake mmoja wenu akae nayo mpaka saa tisa na nusu mtakapomwamsha.