"Sana" Moja, Maneno Mengi: Kuchagua Kielezi cha Kiasi katika Sentensi ya Kiingereza

Katika kusahihisha insha za Kiingereza za wanafunzi wanaofikiri kwa Kiswahili, nimeona kwamba makosa mengi ya vielezi vya kiasi huanzia kwenye neno "sana". Neno hilo hufuata kitenzi, kivumishi na hata kielezi kingine bila kubadilika, ilhali Kiingereza hugawa kazi hiyo kwa maneno kadhaa.

Hatua ya kwanza ni kutambua neno linalokolezwa. "Very" hutangulia kivumishi au kielezi, kama katika "very clean" na "very slowly", lakini halikolezi kitenzi likiwa peke yake. Anayependa chai sana asiandike "I very like tea", wala "I like very much tea", bali "I like tea very much", kwa kuwa Kiingereza hakipendi kitenzi kitenganishwe na yambwa yake. Kivumishi kikiwa cha kulinganisha, "very" halifai tena. Andika "much better".

Hatua ya pili ni kujiuliza kama sifa ni nyingi tu, au imezidi hata ikawa tatizo. Hapa "mno" hutuponza, maana Mswahili husema "nzuri mno" akiwa anasifu. "The tea is very hot" hueleza kwamba chai ni ya moto, na pengine mnywaji anaipenda hivyo hivyo. "The tea is too hot" hueleza kwamba hainyweki, ndiyo maana mara nyingi huendelea kwa "to drink". Mwanafunzi wangu mmoja, akimshukuru mwenyeji wake kwa barua, aliandika "Your house is too big", na sifa yake ikasomeka kama lawama. Panapohitajika maana ya kutosha, tumia "enough", ambalo hufuata kivumishi, "old enough", lakini hutangulia nomino, "enough money".

Hatua ya tatu ni kupima kivumishi chenyewe. "Tired" (-liochoka) ina ngazi, yaani mtu huweza kuchoka kidogo au zaidi, hivyo hukubali "very". "Exhausted" (-liochoka kabisa) imekwisha kufika kileleni, nayo hutaka "absolutely" au "completely". "Really" hufaa pote pawili, ingawa katika barua rasmi mimi silipendi.

Hatua ya mwisho inahusu "quite", neno lenye hila kuliko yote haya. Likikaa mbele ya kivumishi kilichofika kileleni, kama "quite impossible", maana yake ni kabisa. Mbele ya kivumishi chenye ngazi, Mwingereza aliyeandika "quite good" mara nyingi hukusudia nzuri kiasi, ilhali Mmarekani huelekea kukusudia nzuri sana. Ukiwa hujui barua yako itasomwa na nani kati yao, andika "fairly good" kwa maana ya kwanza na "very good" kwa ya pili.