UTI ikipanda kwenye figo: mambo ya kuzingatia kabla hujaenda hospitali

Kwanza zitambue dalili. UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ikiwa kwenye kibofu huchoma wakati wa kukojoa na kukupeleka chooni kila mara. Ikishapanda kwenye figo huja na homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, kichefuchefu, na maumivu ya ubavuni kwa nyuma, mara nyingi upande mmoja. Hapo usingoje kesho.

Usikimbilie kusema ni malaria. Pima malaria, lakini taja pia mkojo na ubavu, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kwa maumivu na homa, meza parasetamo. Achana na diklofenaki na ibuprofeni, zinaweza kuiumiza figo iliyokwisha kuelemewa.

Sasa hili lishike vizuri: toa mkojo wa kuotesha, yaani maabara ikuze bakteria waliomo na kujaribia dawa ipi inawaua, kabla ya kumeza antibayotiki yoyote. Wifi yangu alianza kwa kuchomwa na mkojo, akanunua nitrofurantoini, antibayotiki ya UTI ya kibofu, duka la dawa. Alipopata nafuu akaacha dozi njiani, vidonge vilivyobaki akavihifadhi kabatini. Baadaye homa ikampanda, ubavu wa kulia ukawa haushikiki, naye akavirudia vile vile. Tulimfikisha hospitali anatapika hata maji. Mkojo ukaoteshwa, hakikuota kitu, ingawa darubini ilionyesha usaha tele. Dawa ile hukusanyika kwenye mkojo na kuwaua bakteria waliomo, lakini haifiki kwa kiwango cha kutosha kwenye nyama ya figo. Basi figo ikaendelea kuungua, na maabara haina bakteria wa kujaribia dawa. Daktari akabaki kukisia. Sindano za kwanza hazikushusha homa, akabadilishiwa, na siku zote hizo mtoto wake anayenyonya alikuwa akilia nyumbani kwa bibi. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu kikopo kimoja cha mkojo kingempa daktari jibu.

Kwa hiyo ukifika, ulizia kipimo hicho mapema. Nawa, acha mkojo wa mwanzo uende, kinga wa katikati kwenye kikopo safi cha maabara, si chupa ya nyumbani, kisha ukabidhi papo hapo. Majibu huchukua siku 2 au 3. Dawa huanza bila kuyasubiri, halafu hubadilishwa ikibidi, kwa hiyo rudi kuyafuata. Kama umeshameza kitu, sema ni nini na lini. Beba hata pakiti tupu.

Mjamzito asingoje hata kidogo. Anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila dalili, wakapanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati; kliniki ya wajawazito aombe kupimwa mkojo. Wenye kisukari, mawe kwenye figo au tezi dume iliyovimba, vilevile.

Maliza dozi, kwa kawaida siku 7 hadi 14. Homa isiposhuka ndani ya siku 2 au 3, rudi, uliza kuhusu ultrasaundi. Huenda kuna jiwe lililoziba njia au jipu. Kunywa maji, usibane mkojo, usigawane vidonge na jirani. Na mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kuhema haraka au mkojo kukauka, tafuta usafiri usiku huohuo.