Namna ya kuficha ukingo wa kiraka cha lipu kwenye ukuta uliopakwa rangi

Nyumba nyingi za Mbeya zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, na ukuta unapochimbwa ili kupitisha bomba la umeme, fundi huziba mfereji kwa lipu, akapaka rangi, akaondoka. Taa zikiwashwa jioni, mfereji wote unaonekana kama mshipa. Kosa haliko kwenye rangi, bali kwenye ukingo uliopanda juu ya ukuta wa zamani kwa milimita moja au mbili, ambao mwanga wa ubavuni unaufanya utupe kivuli. Nami niliwahi kukabidhi sebule saa saba mchana, nikaitwa tena usiku huohuo.

Kwanza zima taa, ulaze tochi ubavuni mwa ukuta, na uchore kwa penseli kila panapotupa kivuli. Kisha kwangua ukingo kwa skrepa na uupige msasa namba 120 mpaka kidole kipite bila kukwama. Kama rangi ya zamani ni ya mafuta, iondolee mng'ao kwa msasa huohuo, la sivyo puti, yaani ule uji mzito wa kusawazishia ukuta, haitashika. Futa vumbi, acha pakauke.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu huongeza puti juu ya kiraka badala ya kuitandaza pembeni. Tumia skrepa pana, ukandamize zaidi upande wa nje, ili puti iishie nyembamba kama karatasi sentimita 30 hivi kutoka kwenye ukingo. Paka tabaka mbili au tatu nyembamba, kwani moja nene hupasuka. Kwa baridi ya Juni na Julai huku kwetu, usiamini ukavu wa juu: puti yenye mabaka meusi-meusi bado ina maji, hivyo iache hadi kesho yake.

Malizia kwa msasa namba 180, rudisha tochi, kisha paka praima, yaani rangi ya awali ya kuandaa ukuta, kwa kuwa puti hunywa maji ya rangi na kiraka hubaki kimefifia. Rangi ya mwisho ipakwe kwa rola ukuta mzima, kona hadi kona.

Swali kutoka Makambako: Fundi, nimepaka rangi mara tatu na ukingo bado unaonekana. Niongeze ya nne?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Rangi hufuata umbo la ukuta. Rudi kwenye msasa na puti.

Swali kutoka Tukuyu: Puti ya jipsamu inavimba na kubanduka karibu na sakafu. Nifanyeje?

Jibu: Huo ni unyevu, na jipsamu haiuvumilii. Tafuta kwanza maji yanakotoka, uyazuie, uache ukuta ukauke, ndipo utumie puti ya saruji.

Swali kutoka Iringa: Je, saruji nyeupe peke yake haitoshi?

Jibu: Inashika vizuri, lakini ikikauka huwa ngumu kuliko lipu inayoizunguka. Msasa hula pembeni kabla ya kuigusa yenyewe, na ukingo uliotaka kuuondoa unajichonga upya mikononi mwako.